Piga Bandi Kabla ya Kutia Gundi: Kuunda Deraya ya Stormtrooper na Kuikalisha Mwilini

Fundi cherehani anayeijua kazi yake hakati kitambaa na kukishona moja kwa moja. Hukipiga bandi kwanza, humvika mwenye nguo, humtaka ainue mikono, akae na kuinama, ndipo arudi kwenye cherehani. Nilikulia kando ya cherehani ya mjomba wangu, na jambo hilo nalijua tangu utotoni, lakini siku seti yangu ya deraya ya Stormtrooper ilipofika nililisahau kabisa, nikaiendea kama kabati la kuunganishwa kwa bisibisi. Kosa hilo lilinigharimu kigasha kimoja, paja moja na jioni zangu za karibu miezi miwili.

Deraya ninayoizungumzia ni ile nyeupe ya askari wa filamu ya kwanza ya Star Wars, ambayo ilipigwa katika studio za Elstree, Uingereza, mwaka 1976 na kuanza kuonyeshwa mwaka 1977. Haina chuma. Bamba la plastiki hupashwa moto mpaka likalegea, hulazwa juu ya kalibu, kisha hewa hunyonywa kutoka chini yake ili plastiki iikumbatie kalibu na kupoa katika umbo hilo. Ndivyo Andrew Ainsworth alivyozitoa kofia za asili, na ndivyo watengenezaji wa seti wanavyofanya hadi leo. Ainsworth baadaye alishtakiwa na Lucasfilm, kampuni iliyotengeneza filamu hiyo, kwa kuuza nakala, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba kofia ile haihesabiki kuwa sanamu katika sheria ya hakimiliki. Mawakili walikuwa na hoja zao. Mimi nauchukua uamuzi huo kwa maana ya kifundi tu, kwamba kitu hiki si kinyago cha kuwekwa rafuni bali ni vazi, na vazi hupimwa mwilini.

Sanduku likifika, usitarajie karatasi ya maelekezo, wala usitarajie vipande vilivyo tayari. Kila kipande huja na ukingo wa ziada uliobaki kutoka kwenye kalibu, na nusu za mikono na miguu hufanana kiasi cha kumchanganya mtu aliyelala vizuri, sembuse aliyetoka kazini. Nakushauri uvipange vyote sakafuni kwa umbo la mtu aliyelala chali, kisha uandike kwa penseli upande wa ndani wa kila kimoja: kulia au kushoto, juu au chini, mbele au nyuma. Alama mbili za kukuongoza ni hizi: goti la kushoto ndilo lenye kibao kilichochomoza ambacho upande wa pili hakina mwenzake, na paja la kulia ndilo linalozungushiwa visanduku vya risasi kwa chini.

Kabla ya kukata chochote, vaa nguo nyeusi ya kubana utakayoivaa chini ya deraya, na vaa buti zenyewe. Mara ya kwanza nilijipima miguu mitupu nikiwa na suruali ya jinzi, nikajiona mwerevu kwa kuacha nafasi ya kidole kimoja kuzunguka muundi. Nilipokuja kuvaa buti, shingo yake ikakataa katakata kuingia. Kisha chukua utepe wa karatasi wanaoutumia wapaka rangi, kwa kuwa huo ndio uzi wetu wa bandi, uviunganishe vipande mwilini bila gundi na bila haraka. Tembea chumbani, panda ngazi, kaa kwenye ukingo wa kiti, inua mikono juu ya kichwa, na ukae humo kwa nusu saa nzima hata kama watu wa nyumbani wanakucheka. Ukivua, tazama ngozi yako. Mstari mwekundu nyuma ya goti au kwenye kikunjo cha kiwiko ni chaki ya fundi: umekuonyesha mahali pa kukata, na umekuonyesha kwa usahihi kuliko futi ya kupimia.

Kuhusu ukataji wenyewe, bamba la ABS, yaani plastiki ya seti hii, halihitaji msumeno kwenye mistari iliyonyooka. Pitisha kisu mara tatu au nne kwa kufuata rula, bila kulazimisha kitoke upande wa pili, kisha ukunje plastiki pole pole huku na huku, nayo itakatika kwa kufuata mfereji ule. Kwenye mikunjo tumia mkasi mfupi wenye makali yaliyopinda, na umalizie kwa msasa. Ugumu uko katika kuamua ukate wapi. Kigasha changu cha kushoto kilikuwa kipana kwa milimita 12, nami nikaziondoa zote kwenye nusu ya nje kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nimeishika. Nilipozikutanisha nusu mbili, mshono uliotakiwa kupita katikati ulikuwa umehamia upande wa kidole cha mwisho, kama mshono wa suruali uliogeukia mbele ya paja. Kipimo kikishapatikana, kigawe kwa mbili na uondoe sawa kila upande, hata kama unaondoa milimita moja.

Mshono wa deraya hii ni wa kukutanisha: kingo mbili huguswa bila kupandiana, kisha huwekwa utepe wa plastiki juu yake na mwingine kwa ndani. Mimi nilitumia utepe wa milimita 15 kwenye mikono na wa milimita 20 mbele ya miguu. Wapo wanaopandisha nusu moja juu ya nyingine, nayo ni njia rahisi inayosamehe makosa ya vipimo, lakini kama una nia ya kujiunga na 501st Legion, kundi la wapenzi wa Star Wars wanaovaa mavazi ya filamu hizo, lililoanzishwa nchini Marekani na Albin Johnson mwaka 1997, basi soma viwango vyao vilivyoandikwa kwa ajili ya vazi hili na utazame picha zao za rejea kabla kisu hakijagusa plastiki. Ni watu wakarimu sana, ila mboni zao huona hata skrubu iliyokaa upande.

Gundi ziko za aina mbili kubwa, na kuchagua kati yake ni kuchagua tabia. Gundi ya kuyeyusha, ile inayotumiwa kwenye mabomba, huzifanya plastiki mbili kuwa kitu kimoja, ikishashika, umekwisha. Gundi ya mpira inayokauka taratibu, kama E6000, inahitaji saa 24 na zaidi chini ya vibano na sumaku kabla hujakigusa kipande chako, lakini ukigundua wiki ijayo kwamba umekosea unaweza kuibandua kwa subira na kuanza upya. Kwa seti ya kwanza mimi sioni sababu ya kuyeyusha chochote isipokuwa viraka. Fungua madirisha, kwa sababu mvuke wa gundi si wa kuchezea. Na usitupe mabaki ya plastiki nyeupe: yakikatwa vipande vidogo na kulowekwa kwenye asetoni ndani ya chupa ya kioo hugeuka uji mzito, na uji huo ndio dawa ya nyufa na mapengo, tena kwa rangi ile ile ya deraya yako.

Nije kwenye paja. Nililiunganisha likiwa limenikaa vizuri mno nikiwa nimesimama, nikajipiga picha, nikampigia simu ya video mpwa wangu aliyeko Tanga ili anione nikivuka sebule. Alinitazama kwa makini, kisha akasema, “Mjomba, unatembea kama bikari.” Alikuwa amesema kweli. Ukingo wa nyuma wa paja, kule juu, ulikuwa ukigonga kipande cha makalio kila nilipopiga hatua, nami bila kujua nilikuwa nikiitupa miguu kwa nje ili nisiumie. Nilijaribu kuendelea kukata likiwa limeshaunganishwa, nikapasua upande, na ikabidi niagize nusu nyingine. Nililojifunza ni kwamba paja halikatwi kwa mstari mnyoofu kuzunguka juu. Mbele hubaki refu, nyuma hushuka kwa mkunjo, kwangu mimi sentimita 2, na upande wa ndani wa nyonga hupunguzwa hadi mapaja yote mawili yapishane bila kelele. Ukingo uliokunjwa kuelekea ndani, ambao huifanya plastiki ionekane nene, uache pale watu wanapouona, na uuondoe pale unapokung’ata, yaani kwenye kiwiko na nyuma ya goti.

Seti nyingi huufuata ukubwa wa mavazi ya asili, na mavazi hayo hayakukusudiwa kwa mtu mwenye kifua na tumbo kama langu. Tumbo na mgongo viliachana kwa sentimita 3 kila upande. Niliongeza vipande vya bamba kwa ndani, nikajaza mshono kwa ule uji wa asetoni, nikapiga msasa wa namba 400, kisha wa 1000, mpaka kucha ikipita isikwame. Mwembamba ana kazi nyepesi zaidi, ingawa naye asijione mshindi, maana deraya inayopwaya huzunguka mwilini kama pipa. Kwa vipande vinavyokaribia lakini havijakubali, maji ya moto yanasaidia: ABS huanza kulegea karibu na nyuzi 100 za selsiasi, kwa hiyo maji yanayochemka huilainisha bila kuiyeyusha. Mimina au chovya, kunja ukiwa na glavu, shikilia, kisha tia kwenye maji baridi. Mashine ya kupuliza hewa moto hufanya kazi hiyo kwa kasi, na kwa kasi hiyo hiyo huacha mabonde yasiyorudi.

Sehemu ambayo wengi huipitia haraka, na ambayo mimi ningeitumia nusu ya muda wote, ni mikanda ya ndani. Watazamaji hawaioni, lakini ndiyo inayoamua kama utasimama kama askari au kama mzigo uliofungwa vibaya. Ndani ya kila kipande nilibandika vibao vidogo vya nailoni vyenye vifungo vya kubonyeza, na kati ya kipande na kipande nikaweka mikanda inayofungwa juu yake, kwa namna kwamba ukitaka kubadilisha urefu unabadilisha mkanda mmoja bila kugusa gundi. Kifua na mgongo huunganishwa mabegani na chini ya kwapa. Kifua hulala juu ya tumbo. Makalio huvutwa mbele kwa mkanda unaopita katikati ya miguu. Mapaja huning’inia kutoka kiunoni. Usitumie lastiki peke yake kubeba mapaja, kwa kuwa baada ya saa moja ya kutembea huwa yameshuka hadi magotini. Mimi nilitumia mkanda usiovutika kwa kubeba, na lastiki kwa kurudisha kipande mahali pake baada ya kuinama. Ncha ya kila mkanda ishone kwa mikono na uichome kwa kiberiti ili nyuzi zisifumuke.

Kofia nitaieleza kwa ufupi, kwa sababu kosa lake kubwa ni moja tu: haraka kwenye masikio. Uso na nyuma huunganishwa kwa skrubu, lakini sikio ni lazima lichongwe kidogo kidogo, kulijaribu na kulitoa, hata mara ishirini, mpaka lifuate mteremko wa kofia bila mwanga kupita. Usihangaike kuzilinganisha pande mbili za uso. Kofia ya asili yenyewe haikuwa na pande sawa, na ukiirekebisha itaonekana kama ya duka la vinyago. Tia sifongo nene kwenye paji na kisogoni ili macho yako yakae sawa na lenzi, na feni mbili ndogo zinazopuliza kwenye lenzi, la sivyo pumzi yako itakufungia pazia. Hata hivyo hutaona miguu yako. Katika filamu ile yuko askari aliyegonga kichwa kwenye mlango, na watazamaji wamemcheka kwa miaka mingi. Mimi niliacha kumcheka siku niliyopita mlango wa ukumbi wa maktaba nikiwa nimevaa kofia yangu.

Kwa sababu hiyo usitoke peke yako. Mke wangu ndiye hunifunga vifungo viwili vya mgongoni ambavyo mkono wangu haufiki, hutangulia kwenye ngazi, huwaambia watoto wasije kwa pembeni ambako siwaoni, na hunipa maji kwa mrija kila baada ya dakika 30, kwa kuwa ndani ya plastiki jasho halina pa kwenda. Choo kitangulie kuvaa. Kwenye mfuko wake kuna utepe mweupe, vifungo vya akiba, bisibisi fupi na kile kisu cha kwanza, na katika matembezi matatu ya mwanzo kila kimoja kilitumika. Baada ya tembezi la tatu nilifungua tena mkanda wa paja la kulia, nikaufupisha sentimita moja na nusu, na tangu hapo mpwa wangu hajasema kitu.