Kalikiti kwa mwanaume: usitie juu ya rilaksa, ona yaliyonikuta

Mkuu umeuliza kama unaweza kutia kalikiti (dawa ya kugeuza nywele ziwe za mawimbi) wiki hii, nywele zako kipilipili, miezi miwili iliyopita ulitia rilaksa (dawa ya kunyoosha nywele) na harusi ya kaka yako ni mwezi ujao. Jibu langu ni usitie, na nasema hivyo kwa sababu mimi nilitia.

Nilikuwa na rilaksa ya kama miezi mitatu kichwani nikaingia saluni moja hapa Dar nikasema nataka kalikiti, fundi hakuuliza kitu na mimi sikusema kitu, akapaka dawa. Wakati wa kusuuza naona maji yanashuka na nywele kwenye sinki, tena mafungu, na zilizobaki ukizishika zinavutika kama mpira halafu zinakatika. Kesho yake nikanyoa kipara. Iliniuma sana aisee, nilizifuga mwaka mzima.

Aliyenielewesha ni mama mmoja fundi wa siku nyingi, anatia watu kalikiti tangu miaka ya 80 ile inaingia na maboksi ya Curly Kit kutoka Marekani. Kemikali ya rilaksa nyingi ni haidroksaidi, ya kalikiti ni thaioglaikoleti. Zote zinavunja vifungo vya ndani ya unywele ila rilaksa ikishavibadilisha havirudi tena, sasa ukileta dawa ya kalikiti juu yake haitengenezi wimbi lolote, inaumaliza tu unywele. Kwa hiyo sehemu yote yenye rilaksa lazima ikatwe, hakuna stimingi wala mafuta yatakayoirekebisha. Na kama unapaka rangi nyeusi kwa kinyozi, mwambie fundi hilo pia.

Nywele zinaota kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi, na zinatakiwa zifike sentimita tano sita hivi ndo zizunguke rola vizuri, hesabu mwenyewe. Mimi nilisubiri miezi sita.

Mara ya pili nilikaa kwenye kiti zaidi ya masaa matatu. Hakuosha kichwa kwa kukisugua, akapaka vaselini pembeni ya nywele na masikioni, kisha dawa ya kwanza ya kulainisha, akasuuza, ndo akaanza kuzungusha rola ndogo ndogo moja moja na kimiminika cha pili. Hapo ndo utamjua fundi: kila baada ya dakika chache alikuwa anafungua rola moja ya kisogoni, anausukuma unywele kidogo kwa kidole anaangalia kama umekaa kama herufi S, bado, anaufunga tena. Ulipokaa akasuuza na rola zikiwa kichwani, halafu nyutralaiza. Hiyo nyutralaiza usimruhusu mtu aiharakishe hata kama saluni imejaa, ndiyo inayofunga umbo jipya. Na dawa ikianza kuunguza sema palepale, usijikaze kiume, kidonda cha kichwani kinakaa wiki.

Baada ya hapo siku mbili sikugusa maji kabisa. Matunzo sasa ndo kazi yenyewe, maana kalikiti ikikauka inakatika. Asubuhi na jioni napulizia aktiveta, yaani maji ya kulainisha mawimbi, yenye glisirini mpaka nywele zilegee, nazipanga kwa vidole au chanuo la meno mapana, brashi hapana. Usiku navaa kofia ya plastiki, na foronya nimeweka ya satini kwa sababu ya pamba ilikuwa inanyonya mafuta yote na doa halitoki hata kwa jiki. Naosha mara moja kwa wiki kwa shampuu laini na kondishena, na hili joto la Dar jasho likizidi nasuuza kwa maji tu halafu aktiveta tena. Kinyozi wangu ananifanyia fedi (kunyoa kwa kufifisha) pembeni kila wiki mbili, juu haigusi. Mizizi nairudia baada ya miezi mitatu, dawa inapakwa kwenye nywele mpya tu, mtu akitaka kupaka kichwa kizima ondoka.

Kwa harusi mkuu nenda kwa kinyozi akate yote yenye rilaksa, akuachie fupi yenye fedi safi, kwenye picha utatoka vizuri tu. Halafu anza kuhesabu miezi kuanzia siku hiyo, usipake kitu zaidi ya mafuta. Ukifika wa tano niulize nikuelekeze kwa yule mama.