Shangazi, huyu mama teja awe mtu wa wapi?

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Malindi, tuna kikundi cha maigizo na saa hii tunatayarisha mchezo wa mama mtumiaji wa unga mwenye mtoto mchanga. Dairekta anataka huyo mama awe mtu wa bara aliyekuja kufanya kazi baa, ati tukimfanya msichana wa hapa wazee watatuzira. Jirani mwema ndo avae buibui. Mwisho mama anafariki, mtoto anachukuliwa na Mzungu mwenye hoteli. Mimi ndo nacheza huyo mama na roho haitaki, nikisema naambiwa naleta siasa. Nifanyeje?
– Mwigizaji, Muyeye

JIBU: Marahaba mwanangu. Siasa kaileta dairekta alipochagua nani apakwe matope na nani asafishwe, wewe umeuliza tu.

Unga hauchagui kabila. Nenda kliniki ya methadoni, dawa wanayotibiwa watumiaji wa heroini, yaani huo unga, hapo hospitali ya Malindi, iko tangu 2015, utakuta Mgiriama, Mbajuni, Mwarabu na huyo mtu wa bara wote foleni moja. Ila wanawake ni wachache, na si ati hawatumii, wanajificha, manake mwanamume teja husemwa kapotea lakini mwanamke husemwa hana uchungu wa mwana. Mkimfanya mtu wa bara huyo mama, yule wa hapa anazidi kujificha, na watazamaji wataenda nyumbani wametulia kabisa kuwa hayo ni ya wenzao.

Marekani walishayapitia haya. Miaka ya 80 kokeni ya kuvuta iliposambaa, mama teja kwenye TV akawa ni mwanamke mweusi maskini, basi. 1990 ukatoka utafiti wa kaunti ya Pinellas, Florida, wajawazito walipimwa mkojo na weusi kwa weupe wakakutwa wanatumia karibu sawa, lakini mweusi aliripotiwa serikalini karibu mara 10 zaidi ya mweupe. Sisemi ni TV peke yake, lakini daktari naye anatazama TV kama sisi.

Sasa huyo Mzungu wa hoteli, jamani! Hapa kwetu mama akizidiwa mtoto hulelewa na nani kama si nyanya yake? Nyanya mwenyewe mgongo unamuuma, anakaanga mahamri alfajiri apate pesa ya maziwa, na bado anamfichia binti yake sahani ya chakula. Mchezo wenu umemruka huyo, na ukiniuliza mimi ndiye mtu wa kwanza ningemwandika.

Na kwa nini mama afe? Mjamzito akikatishwa unga ghafla mimba inaweza kuharibika, ndo maana Shirika la Afya Duniani tangu 2014 linashauri apewe methadoni. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto, yaani mateso ya kukosa dawa aliyoizoea tumboni, lakini inatibika hospitali, na mama akitulia kwenye dawa mara nyingi ananyonyesha vizuri tu. Basi mwonyesheni dirishani kwa nesi, dawa ya maji kwenye kikombe kidogo, anakunywa palepale na anaongeleshwa ijulikane kameza, huku mtoto mgongoni analilia ziwa na mtu nyuma yake kwenye foleni anasonya. Hapo huhitaji hata kusema maneno mengi.

Usiende kwa dairekta na malumbano, nenda na sini imeshaandikwa. Mama awe wa hapa, yule dada wa baa awe shoga yake anayemsindikiza kliniki, na muuza unga naye msimfanye mgeni, mtakuwa mmerudi palepale. Kisha watafuteni wanawake wanaotumia methadoni wawasomee skripti, kwa ridhaa yao, majina yao yasitajwe, na muwalipe, si soda tu. Wazee wakizira watazira, wengine wana watoto wao huko maskani na wanajua vizuri kuliko dairekta wenu. Akishikilia hilo la bara unaweza kuendelea kubishana naye polepole, lakini la mama kufa likatae leo.