Je, nimpe mwanangu jina la marehemu baba, Mikidadi?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mkazi wa Mbagala. Mke wangu kajifungua mtoto wa kiume, na inshallah Jumamosi ndiyo siku ya saba. Nataka nimpe jina la marehemu baba yangu, Mikidadi, awe somo wake. Mke wangu anasema jina limepitwa na wakati, mtoto atataniwa shuleni, yeye anataka Rayyan. Shemeji yangu anadai Mikidadi ni jina la Kiswahili tu, si la Kiislamu, na nikiling'ang'ania basi niandike Miqdad. Jirani naye kaongeza kwamba ni jina la Kishia. Nimechanganyikiwa. Lina asili gani, na je, ni lazima nilirekebishe?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu amkuze mtoto katika utiifu na amrehemu mzee wako.

Nianze na shemeji, maana hoja yake ndiyo nyepesi. Mikidadi ni Miqdad huyohuyo. Herufi qaf ilipofika pwani yetu ikawa k: qalam ikawa kalamu, qabr likawa kaburi, waqt ukawa wakati. Na kwa kuwa ulimi wetu haupendi konsonanti zigongane, ukachomeka irabu katikati na nyingine mwishoni. Ndivyo Uthman alivyokuwa Athumani na Sulayman akawa Selemani, na sijamsikia mtu Kariakoo akimwambia Athumani kwamba jina lake si la Kiislamu. Mzizi wake kwa Kiarabu ni qaf na dal mbili: kukata au kupasua kitu kwa urefu. Umo kwenye Surat Yusuf, aya ya 25, pale kanzu ya Nabii Yusuf ilipopasuliwa kwa nyuma.

Ila sidhani kama kuna mzee aliyempa mwanawe jina hili kwa ajili ya kupasua. Walimfuata mtu.

Mtu huyo ni al-Miqdad bin Amr, miongoni mwa waliotangulia kusilimu Makka. Kwenye vitabu utamkuta pia akiitwa Ibn al-Aswad, kwa sababu al-Aswad bin Abd Yaghuth alimchukua akamfanya mwanawe. Iliposhuka aya ya 5 ya Surat al-Ahzab, "Waiteni kwa baba zao", akarudishwa kwa baba yake Amr, ingawa lile jina la zamani lilikuwa limeshawakaa watu mdomoni. Siku ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, ndiye aliyemwambia Mtume (s.a.w.): hatutakwambia kama watu wa Musa walivyomwambia Musa, "Nenda wewe na Mola wako mkapigane", bali tutapigana kuliani kwako na kushotoni kwako, mbele yako na nyuma yako. Sahaba Ibn Mas'ud anasema aliuona uso wa Mtume ukinawiri kwa maneno hayo, na kwamba yeye mwenyewe angetamani kuwa ndiye aliyeyasema kuliko kitu kingine chochote. Miqdad alifariki mwaka wa 33 Hijria huko al-Jurf, nje kidogo ya Madina, akazikwa kwenye makaburi ya Baqii.

Kisa chake nikipendacho zaidi, hata hivyo, ni cha maziwa, nacho kimo katika Sahih Muslim. Yeye na wenzake wawili walikuwa na njaa iliyowadhoofisha hadi macho na masikio, na hakuna aliyeweza kuwachukua. Mtume akaenda nao kwake, walikokuwa mbuzi watatu, akawaambia wakamue wagawane. Kila usiku wakawa wanakunywa mafungu yao na la Mtume wanamwekea. Naye akirudi hutoa salamu kwa sauti isiyomwamsha aliyelala, ila aliye macho huisikia. Usiku mmoja shetani akamnong'oneza Miqdad: Mtume yuko kwa Ansari, Waislamu wenyeji wa Madina, huko wanamkirimu, hana haja na funda hili. Akalinywa. Lilipotua tumboni, shetani yuleyule akamgeuka: umefanya nini? Akija asipolikuta atakuapiza, uangamie. Miqdad alikuwa na shuka fupi. Akifunika miguu kichwa kinabaki nje, akifunika kichwa miguu inabaki nje. Usingizi ukakataa. Mtume akaja, akaswali, akafunua chombo, akakuta kitupu. Akainua kichwa kuelekea mbinguni, na Miqdad akajisemea, sasa nimekwisha. Akasikia: "Ewe Mola, mlishe aliyenilisha, mnyweshe aliyeninywesha." Basi akaifunga shuka yake, akachukua kisu akawaendea mbuzi amchinjie Mtume aliyenona. Akakuta viwele vyote vimejaa! Akakamua mpaka povu likapanda juu ya chombo. Mtume alipokwisha kunywa akashiba, Miqdad akajua dua imemfikia, akacheka mpaka akaanguka chini.

Huyo ndiye somo wa marehemu baba yako.

Wazee wetu wengi, ninavyoona mimi, hawakulipata jina hili kwenye hadithi. Walilipata kwenye utenzi. Upo utenzi wa kale wa Mikidadi na Mayasa, kisa cha shujaa na mwanamke aliyemtaka, ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu na baadaye, mwaka 1932, ukachapwa kwa herufi hizi tunazosoma leo. Watu wa pwani walikuwa wakisikiliza tenzi kama tunavyosikiliza redio, na jina la shujaa huwa haliachi kuingia majumbani. Hapa lakini niweke mpaka: Mayasa ni wa utenzi. Mke tunayemjua kwa hadithi sahihi ni Dhubaa binti al-Zubayr, binti wa ami yake Mtume. Ndiye yule aliyetaka kuhiji naye mgonjwa, Mtume akamwambia ahiji na aweke sharti kwamba atatoka kwenye ihramu pale Mwenyezi Mungu atakapomzuia. Bukhari anaitaja hadithi hiyo na kusema wazi kwamba alikuwa mke wa Miqdad. Utenzi tuupende kama utenzi.

Kuhusu jirani: ni kweli Mashia wanamtukuza sana, wanamweka pamoja na Salman, Abu Dharr na Ammar. Hapa Dar utawakuta kina Mikdad miongoni mwa Makhoja Ithnaasheri, Mashia wenye asili ya Kihindi. Kwani wakimpenda wao, sisi tunapungukiwa nini? Ni sahaba wa Badr.

Sasa hili la jina kupitwa na wakati. Nafundisha madrasa, na madaftari yangu ya zamani yamejaa kina Mikidadi, Shomari na Mwinyimvua. La mwaka huu nina Rayyan watatu kwenye jamvi moja, nikiita mmoja wanageuka wote. Sichukii, kila zama na majina yake. Lakini lawama nyingine ni yetu sisi walimu. Kuna mwaka nilijifanya najua sana, nikamwandika mtoto "Miqdad" kwenye cheti cha kuhitimu juzuu, na nyumbani anaitwa Mikidadi. Mama yake akaja kesho yake, cheti changu mkono huu, cheti cha kuzaliwa mkono ule. "Sheikh, huyu Miqdad ni mtoto wa nani? Wangu simuoni hapa." Nikaandika kingine. Tangu siku hiyo sirekebishi jina la mtoto ambalo maana yake ni nzuri. Mtume alibadilisha majina, ndiyo, lakini yenye maana mbaya, kama alivyomwita Jamila aliyekuwa akiitwa Asiya, yaani muasi (kwa herufi 'ayn, si lile jina la mke wa Firauni). Matamshi ya watu hakuyagusa.

Na kumpa mtoto jina la babu ni jambo lenye asili. Mtume (s.a.w.) alisema: "Usiku huu nimezaliwa mtoto, nikampa jina la baba yangu Ibrahim." Na alipoulizwa na al-Mughira bin Shu'ba kuhusu Maryam kuitwa dada wa Harun, akajibu kwamba watu wale walikuwa wakiitana kwa majina ya Manabii wao na watu wema waliowatangulia. Na asikutishe mtu kwa uadimu wa jina. Mwenyezi Mungu alipomtaja Yahya katika Surat Maryam, aya ya 7, alisema hajawahi kumpa yeyote jina hilo kabla yake.

Mkeo naye tumtendee haki. Rayyan ni jina zuri, ni mlango wa Peponi watakaoingilia wafungao. Wanavyuoni wamesema wazazi wakivutana, haki ya kutoa jina ni ya baba. Lakini ndugu yangu, mwanamke aliyetoka kujifungua juzi usimwendee na fatwa yangu mkononi. Mkalie umsimulie kisa cha maziwa. Akikubali Mikidadi leo, Rayyan abaki wa mdogo wake, inshallah.

Na watakaomtania shuleni, wasimamishwe na walimu na wazazi wao. Aya ya 11 ya Surat al-Hujurat imekataza kuitana kwa majina ya kejeli, na hilo hutokea hata kwa anayeitwa Abdallah.

Andika jina lilivyoandikwa kwenye vyeti vya marehemu, herufi kwa herufi, ili mtoto asije kuhangaika na karatasi ukubwani. Jumamosi mchinjie mbuzi wawili, na kama mfuko hauruhusu mmoja anatosha. Mnyoeni nywele na mtoe sadaka ya madini ya fedha sawa na uzito wa nywele hizo.

Wallahu a'lam.