Jamaa aliyenaswa na jiwe: muvi inachosha au haichoshi?

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama 127 Hours inastahili bando lako, maana umeambiwa ni mtu mmoja na jiwe moja mwanzo mwisho. Nakujibu kama mtu aliyeionyesha mbele ya watu waliolipa kiingilio, na hao hawakuwa na aibu ya kuzomea.

Nilikuwa naendesha kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, kule Mbagala, Dar es Salaam, enzi za mgao wa umeme wa 2011. Benchi za mbao, madirisha yamezibwa kwa turubai, pangaboi moja linalohamisha joto kutoka kona hii kwenda ile. Wateja wangu walifuata ngumi na risasi. Staringi hafi, ndiyo ilikuwa imani ya mle ndani, na muvi isiyo na adui watu wanadai hela yao. Siku hiyo diski ya ngumi iligoma kwenye deki, jenereta inakunywa mafuta, nikaweka hii iliyokuwa karibu.

Kisa ni cha kweli. Aron Ralston, kijana wa miaka 27, Aprili 2003 aliingia peke yake kwenye korongo la Bluejohn kule Utah, Marekani, bila kumwambia mtu anakwenda wapi. Akiwa anashuka, jiwe likaporomoka likambana mkono wa kulia ukutani. Akakaa hapo siku tano na ushee. James Franco ndiye kamuigiza, mwongozaji Danny Boyle. Jina la muvi linatokea kwenye skrini jiwe likishambana, yaani yote ya mwanzo yalikuwa salamu tu.

Kilichonyamazisha banda ni hesabu. Franco anapanga juu ya lile jiwe kila alichonacho: kamba, tochi, kamera ya video, chakula cha kuokoteza, maji kidogo kwenye chupa, na kisu cha kukunja cha bei chee, butu. Sasa kumbuka, mwanzoni kabisa tumeona vidole vyake vikipapasa rafu nyumbani, kisu kizuri kipo pale pale, vidole vinakikosa. Bwana mdogo mmoja benchi la mbele akapiga kelele, "Si kile kisu alikiacha kabatini!" Kuanzia hapo kila akinywa funda, watu wanaguna. Hakuna aliyemwambia mwenzake atazame chupa.

Halafu wakaanza kumshauri. Vuta kamba! Funga juu! Na kweli anafunga, anatengeneza kapi, anavuta kwa nguvu zake zote, jiwe halisogei. Jiwe lenyewe linakadiriwa kilo kama 360. Kulikuwa na mzee mmoja kuli wa bandarini, mtu wa maneno machache, akasema bila kugeuka: "Hilo hata tuwe wanne, bila mtaimbo halitoki." Ushauri ukaishia hapo. Aliyezoea kubeba mizigo kashatoa hukumu.

Mdau hapo juu kaandika kwamba muvi nzima ni kukata mkono. Siyo kweli, na nadhani kaona kipande cha WhatsApp. Ina dakika 94 hivi, kukata ni dakika chache. Ni kweli inatisha, ilipoanza kuonyeshwa 2010 ziliripotiwa habari za watu kuzimia ukumbini. Anaanza kwa kuvunja mifupa, maana kile kisu kisingeupita mfupa. Akigusa mshipa wa fahamu, Boyle anaweka mlio wa umeme badala ya kelele za mtu, na mlio huo ndio uliowainua wateja wangu wawili kwenda kuvuta hewa nje. Wewe kama damu huiwezi, ukiona anajifunga mrija wa mpira mkononi kuzuia damu nenda kachemshe chai. Ila urudi, kwa sababu baada ya hapo bado ana ukuta mrefu wa kushuka kwa kamba akiwa na mkono mmoja, kisha jua, kisha kutembea mpaka akutane na watu.

Usiitafute iliyotafsiriwa, ile ya mtu anayesimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya muvi. Baadaye niliipata, na nawaheshimu sana watafsiri wetu, wamenilisha. Kuna pale Franco anajihoji mbele ya kamera kama mtangazaji wa redio, yeye mtangazaji yeye mgeni. Mtafsiri alipapatia kuliko hata mwenyewe, banda lilicheka hadi machozi. Lakini kunguru anapopita asubuhi, jua linapomfikia mguuni kwa dakika chache tu kisha linaondoka, mtafsiri anaogopa kimya, anaanza kupiga stori za Manzese. Utamu wote ukaishia hapo. Pale hapatakiwi neno.

Ukiiangalia kwenye simu, tumia spika za masikioni. Ukiona damu bado ni tatizo, anza na Cast Away ya 2000: Tom Hanks kisiwani, anapiga soga na mpira wa wavu, na muda wote wa kisiwani hawakumwekea muziki, ni bahari na upepo tu. All Is Lost ya 2013 iache iwe ya mwisho. Robert Redford peke yake Bahari ya Hindi, kontena limetoboa boti yake ya matanga, na haongei karibu chochote. Hiyo iangalie ukiwa umeshalala vizuri, maana hakuna atakayekueleza kinachoendelea, na usipoyafuata macho yake na mikono yake utadhani diski imekwama.