Kwa Kijana wa Visiwani Anayetaka Kuripoti Vita

Vijana wanaosomea uandishi wa habari hapa Unguja na Pemba hunijia mara kwa mara kuuliza namna ya kuwa mwandishi wa vita, na karibu wote huanza na suala la kamera na fulana ya kuzuia risasi. Fulana ni ya lazima, na kwa mwandishi wa kujitegemea asiye na uwezo wa kuinunua, shirika la Waandishi wa Habari Wasio na Mipaka, lenye makao yake Paris, huazimisha fulana na kofia za chuma. Lakini suala ninalotamani niulizwe kwanza ni hili: ni nani atakayebaki pale baada ya wewe kupanda ndege, na atalipishwa nini kwa kuwa alizungumza nawe?

Mtu wa Pemba hahitaji kusomeshwa sana jambo hili. Januari 2001, baada ya polisi kuwafyatulia risasi waandamanaji, watu takriban 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya, na waandishi wa nchi mbalimbali wakawafuata huko kuwahoji. Aliyehojiwa alikuwa na mama yake Wete au ndugu zake Mtambwe, na jina lake likichapwa gazetini, watakaoulizwa habari zake ni hao waliobaki nyumbani. Mwandishi aliyelijua hilo aliandika kwa namna moja, na asiyelijua aliandika kwa namna nyengine.

Sisi watu wa visiwani tuna zana ambayo wenzetu wa Ulaya huilipia kila siku, nayo ni lugha. Katika pwani ya Cabo Delgado, Msumbiji, ambako vita vilianza kwa shambulio la Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017, watu wengi huzungumza Kimwani, lugha iliyo jirani na Kiswahili, na Mpemba akitulia akasikiliza, huambulia maneno mengi. Mashariki ya Kongo Kiswahili ndicho cha sokoni na cha kanisani. Hata hivyo, lafudhi yako inatangulia kukutambulisha kabla hujatoa kitambulisho. Wanajeshi wa Tanzania walikwenda Kivu mwaka 2013 katika brigedi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo, brigedi iliyoruhusiwa kuyashambulia makundi ya waasi, wakapigana na mojawapo, M23, kisha wakarudi tena na kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kilichoanza kupelekwa Desemba 2023. Kwa hiyo Kiswahili cha pwani humfurahisha mmoja na kumtia shaka mwengine, na wewe huna namna ya kujua upesi uliyekaa naye ni yupi.

Katika iliyokuwa kambi ya waliokimbia vita ya Kanyaruchinya, kaskazini ya Goma, ardhi ni mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, hata mambo za hema zilikuwa haziingii chini, na watu walizishikiza turubai zao kwa kuzipangia mawe pembeni. Nilikaa hapo na mama mmoja aliyekuwa akipika sombe, yaani kisamvu, na suala lake la kwanza lilikuwa: “Weye uko Mutanzania? Uko wa MONUSCO?” Nilimjibu kuwa mimi ni mwandishi wa habari na si askari, nikamrudia jibu hilo kwa sauti ya kusikika, kwani majirani nao walikuwa wameacha kazi zao wakitusikiliza. Aliporidhika alisema kwa kasi: jina la kijiji chake, jina la chifu, na jina la kijana aliyemchukulia mbuzi wake. Mkalimani, pamoja na udhia wake wote, humpa anayehojiwa nafasi ya kuvuta pumzi na kufikiri. Baina yetu nafasi hiyo haikuwapo, na ilinibidi niitengeneze mwenyewe. Niliweka kalamu chini, nikamweleza kwamba maneno haya yatasomwa redioni, na kwamba aliyeko Rutshuru akiwa na simu atayasikia vilevile. Alikoroga sombe yake, akafikiri, kisha akaniambia nilifute jina la chifu na la yule kijana. Habari ya mbuzi alisema ibaki, kwa sababu walikuwa wake.

Huo ndio utaratibu ninaokushauri uufuate kila unapohoji, na uufanye kabla ya kuwasha kinasa sauti, kwa sababu baada ya hapo mtu huona haya kurudi nyuma. Picha nazo zinahitaji uangalifu wa aina hiyo: nambari iliyoandikwa kwenye hema, kitambaa cha rangi ya pekee, au taarifa ya mahali ambayo simu huihifadhi ndani ya picha, vinamtambulisha mtu hata kama uso umeuficha.

Hatari kubwa zaidi humwangukia mwenyeji anayekuongoza, na mwandishi wa hapohapo. Watu wengi wanajua kwamba Mohamed Amin, mpigapicha maarufu wa Kenya, alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa mwaka 1991. Ni wachache wanaomtaja John Mathai, fundi wake wa sauti, aliyefia hapo. Ibraimo Mbaruco, wa redio ya jamii ya Palma, Cabo Delgado, alitoweka tarehe 7 Aprili 2020 baada ya kumjulisha mwenzake kwamba amezungukwa na askari. Kwa hiyo malipo ya mwenyeji, bima yake na fulana yake yaandikwe katika mkataba sawa na yako, na mhariri akikwambia bajeti haitoshi watu wawili, basi haitoshi hata mmoja. Itifaki ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva inamhesabu mwandishi kuwa raia, nayo ni sheria ya kuijua, ila itakufaa zaidi ofisini kwa kamanda kuliko kwenye kizuizi cha barabarani. Kwenye kizuizi anayezungumza ni mwenyeji, na wewe unanyamaza, hata ukiwa fasaha kuliko yeye.

Mafunzo ya kuzuia damu, wasia ulioandikwa na kushuhudiwa, na nakala ya pasipoti kwa ndugu mmoja usisafiri bila navyo. Hayo hayana mjadala.

Utakaporudi, usingizi unaweza kukukimbia. Utafiti wa daktari Anthony Feinstein, uliochapishwa mwaka 2002, uliwakuta zaidi ya robo ya waandishi wa vita waliochunguzwa wamewahi kupatwa na maradhi ya akili yatokanayo na matukio ya kutisha. Watu wa nyumbani watataka kukufanyia zinguo, nawe kubali, kwani dua haina madhara. Lakini daktari wa Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, naye umwone, na wanaocheka jina la mahali hapo uwaache na kicheko chao.

Habari ikishatoka, mpigie simu mwenyeji wiki hiyohiyo, na tena wiki inayofuata, umuulize kama pana mtu aliyepita kuwaulizia wale mliowahoji. Akikujibu kuwa yupo, sauti na picha zao ziondolewe kwenye intaneti siku hiyo, na maelezo kwa wakubwa yaje baadaye. Sharti hilo mkubaliane kwa maandishi wewe na mhariri wako kabla hujakata tiketi, maana habari inayosomwa sana wahariri huwa wazito kuiondoa.