Dada, usiiuze hiyo darubini

Juzi dada mmoja wa hapa Maine, Marekani, kaniandikia: "Kaka, Jumamosi tatu natoka alfajiri, shingo inaniuma, yule ndege wa koo la moto sijamwona. Niiuze darubini?"

Usiiuze, dada yangu. Mimi nilimtafuta miaka mitatu.

Anaitwa Blackburnian, kwa heshima ya Anna Blackburne, Mwingereza wa karne ya 18 aliyependa elimu ya viumbe. Ni mdogo kama ndege chozi wa kwetu. Koo la dume ni rangi ya chungwa, linawaka kama kaa lililopulizwa.

Mwaka wa kwanza nilifuatana na kundi la watazamaji ndege. Kiongozi akanyoosha kidole, wenzangu wakashangilia, mimi nikaona majani matupu. Nilipouliza tena akaniambia nisiwacheleweshe watu, wakaondoka. Hadi leo linaniuma. Mimi, mtoto wa Lushoto, niliyewajua ndege kwa sauti kabla sijajua kusoma!

Kosa langu lilikuwa kumtafuta usawa wa macho, kama tunavyomtazama chozi kwenye maua. Mwaka 1958 mwanasayansi Robert MacArthur alichapisha utafiti wake kuhusu aina tano za ndege wa jamii moja wanaoishi kwenye misitu ya sprusi, miti inayofanana na misonobari, huku kaskazini mashariki mwa Marekani. Kila aina ina sehemu yake ya mti inayopendelea kula. Huyu wetu yuko juu kabisa.

Basi Juni hii nikachagua sprusi moja, nikatandika khanga ya mke wangu, nikalala chali. Mbu walinila kweli. Kisha nikasikia sauti nyembamba ikipanda, ikipanda, mpaka sikio likashindwa kuifuata. Akatokea kwenye ncha ya tawi, kiwavi wa kijani mdomoni. Akammeza, akaimba tena, na koo lote likatetemeka. Machozi yalinitoka.

Kwa hiyo chagua mti mmoja. Lala chali. Usihame! Sisi tuliohamia huku tumezoea kukimbia, zamu ya usiku, zamu ya mchana, hata msituni tunaingia kama tunawahi basi. Tulia chini ya mti mmoja, nakuomba.

Na usichelewe, maana Agosti wanaanza kuondoka kuelekea milima ya Andes, huko Kolombia hadi Peru. Jumamosi nitakuwa chini ya sprusi ile ile saa kumi na moja alfajiri, na chupa ya chai ya tangawizi. Njoo na khanga yako.