Jibu: Bibi ametusahau, bado aulizwe?

Ndugu, umeuliza kama bibi yako, aliyesahau hata jina lake, bado aombwe ruhusa kabla ya sindano. Aombwe! Mwanafalsafa John Locke aliufunga utu kwenye kujitambua na kumbukumbu. Tom Kitwood, Mwingereza, mwanasaikolojia wa wazee wenye maradhi ya kusahau, mwaka 1997 akaandika kuwa utu ni hadhi unayopewa na wenzako. Mimi niko na Kitwood.

Mama mkubwa, hapa Ujiji, alikuwa ametusahau wote. Nesi mmoja alimwita "kitanda cha sita". Mama mkubwa akakaza mkono, akagoma sindano. Mwingine akaja: "Shikamoo bibi." "Marahaba," na mkono akaunyoosha mwenyewe.

Fomu ya ridhaa asaini baba yako, sawa, ila bibi aelezwe kwanza. Na msimjadili mbele yake kama gunia la dagaa.